Kwa Nini Nilianza na Vietnam

Euless, Texas
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Wilbroad,

Kwanza hali zenu. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe? Mvua zimeanza Kamachumu, au bado mnatazama mawingu? Sisi ni wazima. Joto linaanza kutuachia, na mjukuu wangu Angel amepata kazi uwanja wa ndege; siku hizi ananiamkia kwa Kiingereza akiwa tayari mlangoni.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza zaidi ya mara moja. "Shangazi, pasipoti umeipata juzi, ukaenda nayo Vietnam kubembeleza watoto wa watu. Sisi tukae foleni?" Ulicheka mwishoni, lakini nakujua. Marehemu baba yako naye alicheka hivyo akiwa amekasirika. Jibu lake halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimempa Sospeter, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee.

Jirani yangu Lan nilifanya naye kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunza wazee. Alitoka kwao Vietnam akiwa msichana, asirudi tena. Kanisa la watu wa kwao huko Houston lilipopanga kundi la kujitolea kwenda kijijini kwake, kufundisha watoto na kupaka rangi darasa, alijiandikisha, kisha akaja kunigongea mlango. "Prudensia, twende wote. Peke yangu nitaishia uwanja wa ndege." Mtu akikuomba hivyo, humwambii asubiri kwanza wewe uende kwenu.

Tulifika tumevaa fulana za njano, wote sare. Ni nchi ya mpunga, minazi, na migomba, Wilbroad, migomba! Watoto walikuwa wamepangwa mstari watuimbie. Kule mtoto anapomsalimu mzee hukunja mikono kifuani na kuinama. Vijana wetu waliwapungia tu. Mimi nilimwitikia kila mmoja "marahaba", nao wakaipenda, wakawa wanarudi nyuma ya mstari ili waitikiwe tena.

Kazi yenyewe siibezi. Darasa lilipendeza, watoto walijifunza nyimbo, nasi walitufundisha mchezo wa kupiga kwa mguu kishada cha manyoya kisianguke. Kila nilipokikosa walinizomea kwa furaha.

Lakini Lan. Mama yake mdogo, aliyemlea, yuko hai na anakaa nyuma ya shule. Alitupokea kundi zima kwa viti vya plastiki, maji ya chupa na hotuba. Lan akakaa kwenye kiti cha mgeni, mfuko wa pipi mapajani, akigawa. Hata kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu yule mama aliingia darasani, akamshika fulana begani, akasema naye mbele ya watoto. Mkalimani aliona haya, lakini alitutafsiria.

"Watu wote hawa umewaleta wa nini? Uliogopa nitakuuliza ulikuwa wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi vua hilo lifulana, uje jikoni nikuulize."

Nilimsindikiza. Jikoni nilikuta majani ya mgomba, nikaanza kuyababua motoni bila kuambiwa, kama tufanyavyo kwetu. Mama yule akanitazama, kisha akamgeukia Lan, naye akanitafsiria. "Na huyu ana kwao. Mbona yuko kwangu?" Walicheka wote wawili. Mimi niliendelea kubabua majani.

Jibu ni hili, mwanangu. Miaka yote ile nilisema karatasi za uhamiaji ndizo zinazonizuia kuja, na ilikuwa kweli. Zilipokuja, hofu ikabaki: walionijua wamezikwa nami sipo, na nitaulizwa nilikuwa wapi. Hofu hiyo hiyo nimeiona kwa Lan, na nimeona aliyoyapata jikoni. Alilia, akala, akatukanwa kidogo, akaondoka ana kwao.

Sasa Angel na wenzake nao wanataka kuleta kundi Kamachumu. "Bibi, tuta-paint shule, tutacheza na watoto, itakuwa poa!" Waje, waandikiane na mwalimu mkuu. Mimi siji nao. Nimekata tiketi ya Desemba, peke yangu. Usikodi viti wala usipange watoto mstari. Niulizeni nilikuwa wapi, kwa ukali wowote mtakaotaka. Nitajibu.

Nisalimie mama yako, wifi yangu, pamoja na mkeo Hilaria na watoto, Erick na Glory. Mungu awalinde, na mama yako amzidishie nguvu mpaka nifike.

Akupendaye daima,
Shangazi yako Prudensia