Mbwa Aliyekataa Maji ya Bakuli

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Mhunze hatujambo. Shangazi yako Milembe amejifungua mtoto wa kiume, na mtama umeanza kutoa masuke.

Umeniuliza kama umwamini daktari anayetaka mbwa wenu mzee achomwe sindano afe. Daktari huyo simjui. Ila miaka ya sitini, nikiwa msichana, mbwa wetu Polisi alianza kutokwa na udenda. Alikuwa amezeeka akichunga ng'ombe na kaka zangu. Bwana mifugo alipokuja alimwekea maji kwenye bakuli, na Polisi akageuza uso.

"Huyu ana kichaa," akasema. "Auawe leo hii."

Baba akamjibu taratibu, "Bwana mifugo, huyu hajawahi kunywa maji nyumbani. Hunywea lamboni, ng'ombe wakishamaliza."

Wakamfunga kamba ndefu, wakaenda naye nyuma ya ng'ombe. Kule lamboni alilala chini akangoja. Ng'ombe wa mwisho alipotoka majini, Polisi akasogea, akanywa mpaka akatosheka. Bwana mifugo akamchunguza upya, akakuta jino limeoza.

"Nimekosea, mzee," akamwambia baba, akaling'oa.

Basi mrudie daktari wako bila ugomvi, umweleze mbwa wenu anaishi vipi. Bwana mifugo wetu, tangu siku ile, hata akiitiwa ndama, hakufungua mkoba wake kabla ya kuuliza, "Huyu hunywea wapi?"

Ni mimi bibi yako,
Mama Milembe