Mbao Zinazokataa Kuwaka

Na mume wangu, dada, ni asali tupu. Fundi mzima, lakini chai ananiletea kitandani. Nyumba yetu ameivika nje mbao alizozilowesha dawa ya kuzuia moto. Kila ubao huujaribu kwanza kwa kiberiti, nao hukataa kuwaka.

"Wewe hutaungua, mpenzi," hunitania, maana mkewe wa kwanza aliteketea na nyumba iliyokuwa hapahapa.

Ila ubao wa chini ya dirisha letu kila asubuhi huwa na alama ya kiganja, imeungua. Anaubadilisha kimya kimya. Leo alama iko ndani, juu ya mto wangu, bado ya moto. Niliweka mkono wangu juu yake, ukaenea humo sawasawa.

Kabla mwezi haujaisha nitakuja kwako, na nguo zangu zote. Yeye nimemwambia ni matembezi tu.

Mdogo wako, bibi harusi