Siku ya Nguruwe Nilikuwa Juu ya Mti

Mama Rehema wangu,

Jana tumekuwekea msalaba, hapa Kilosa kwenu. Ni wa saruji, na umekaa sawa. Fundi aliupima kwa timazi mara tatu, nami nikasimama pembeni nikitikisa kichwa kama mtu anayejua timazi inasemaje. Ungekuwepo ungenitazama kidogo tu, nami ningeacha.

Barua hii naiacha wazi, asome atakayesoma, kwa sababu kosa nililokukosea nililifanya mbele za watu. Siku ya mazishi yako ulisomwa wasifu. Nilikuwa nimekaa mbele, kiti cha plastiki, mikono magotini. Wakafika mahali palipoandikwa, "Marehemu alikuwa mama mpole na mwenye woga, ambaye katika ujana wake aliokolewa na mume wake kutoka kwa nguruwe pori." Watu wakanigeukia kwa heshima. Nami nikainamisha kichwa, Agnesi. Nikainamisha kichwa kama shujaa asiyependa kusifiwa.

Aliyeandika wasifu ule ni Rehema wetu. Aliandika alichokisikia kwangu tangu ananyonya. Hakukosea yeye.

Naanzia mwanzo, maana wajukuu wataisoma hii na hawakuijua Kilosa yetu.

Ilikuwa miaka ile mitumba imesharuhusiwa, na kila kijana aliyekosa ajira ameshika hanga na kelele. Mimi ni mjukuu wa manamba. Mkonge uliomleta babu yangu kutoka mbali ulikuwa umebaki mabua, shamba likingoja mnunuzi, na mimi nikingoja wanunuzi wangu sokoni na rundo la sweta ambazo hakuna mtu wa Kilosa aliyezihitaji. Wewe ulinunua moja. Mpaka leo sijui kwa nini, kwa joto lile.

Baba yako alikuwa amestaafu reli. Miaka yote alishika bendera stesheni, na aliamini kazi ni ile yenye kofia na saa. Mimi aliniita kijana wa kafa-ulaya, kama vile zile nguo nilizivua maiti kwa mikono yangu. Nilipokwenda kujitambulisha nikasema, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba," halafu akaitazama saa yake mpaka nikaaga.

Hakunikubali, ila hakunifukuza. Nyumba nyingine, msichana akitembea na kijana husindikizwa na mdogo wake. Wewe ulikuwa kitinda mimba. Basi baba yako akaamua kukupa mbwa.

"Jumapili, saa tisa mnatoka, saa kumi na moja nawaona hapa. Na Bendera mnakwenda naye."

Nikauliza kwa adabu zote, "Baba, mbwa ataeleza nini?"

"Haelezi. Nikimtazama najua."

Na kweli yule mbwa alikuwa mtumishi wa reli kuliko baba yako. Jina alilipata kwa mkia wake uliosimama wima. Hakupenda kukaa. Tukikaa jiweni kupita anavyoona yeye inafaa, anainuka, anatupa mgongo, anarudi nyumbani peke yake bila hata kugeuka. Nasi tunaacha maneno katikati tunamkimbilia, maana Bendera akifika kota za reli bila sisi, tumekwisha. Nusu ya uchumba wetu, Mama Rehema, tuliufanya mbio.

Lakini ile njia. Ilianzia nyuma ya kota, ikashuka kuufuata mto Mkondoa, kisha ikaingia chini ya mikuyu. Jua la Kilosa lilibaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Ukiingia pale unasikia ubaridi shingoni, majani makavu chini ya viatu, na maji yanayosema peke yake upande wa kulia. Wewe uliwajua ndege wa pale kwa majina ya Kikaguru, ukanionyesha mmoja mmoja. Mimi niliwaita wote ndege. Ulisema, "Stefano, wewe hata kuku ungemwita ndege." Nikasema si ni ndege. Ulicheka mpaka Bendera akasimama kutungoja.

Sasa ile Jumapili. Nilikuwa nimekata fimbo njiani, si kwa kazi yoyote, ni ili nionekane. Bendera alikuwa mbele. Akaingia kichakani kunusa, tukasikia kimya, halafu tukasikia vichaka vinakuja. Mbwa akatoka wa kwanza. Nyuma yake nguruwe pori jike, manyoya ya mgongo yamesimama, na nyuma zaidi vitoto vyake vyenye mistari vikilia.

Nimewahi kusema kwamba nilisimama mbele yako. Nimesema hivyo miaka yote. Ukweli ni kwamba sikumbuki hata nilivyopanda. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekumbatia tawi la mkuyu, na fimbo yangu iko chini, na wewe uko chini, na Bendera yuko katikati yako na yule mnyama. Uliniita, "Stefano." Nami nikajibu kutoka juu neno ambalo sijawahi kumwambia mtu, "Panda na wewe."

Ulikuwa umevaa sketi ndefu ya kanisani na viatu vya mtumba nilivyokupa mimi, vikubwa namba nzima. Ungepandaje?

Hukupanda. Uliokota fimbo yangu. Uliegemeza mgongo kwenye shina la mti ule ule niliokuwamo, ukapiga. Ulipiga puani, ukapiga tena, na ulikuwa ukipiga kelele kwa Kikaguru maneno ambayo hukuwahi kunitafsiria. Bendera alichanwa paja. Vile vitoto vikakimbilia ng'ambo ya njia, mama yao akavifuata, na msitu ukarudi kuwa kimya kana kwamba ni sisi tuliousumbua.

"Shuka," ulisema.

"Ameondoka kweli?"

"Shuka, Stefano. Njoo unishikie mbwa."

Ulimfunga paja kwa kitambaa chako cha kichwani. Ukakaza fundo kwa meno. Mimi nikambeba Bendera mabegani mpaka nyumbani, kilomita zote zile, damu ikinishukia kwenye shati. Hilo la kumbeba ni kweli. Naomba lihesabiwe.

Baba yako alikuwa mlangoni, saa mkononi. Tulikuwa tumechelewa nusu saa. Akatutazama, nami nikafungua mdomo. Nakuapia nilitaka kusema. Ila wewe ulinitangulia.

"Baba, nguruwe pori ametutokea. Stefano amesimama mbele yetu na fimbo."

Ulisema ukimtazama machoni. Hata kope hazikucheza. Mzee akamtazama Bendera, akanitazama mimi kwa muda mrefu, akakutazama wewe. Akaingia ndani kutafuta chumvi ya kuoshea kidonda. Alipotoka akasema bila kuninyanyulia uso, "Jumapili ijayo aje na wazee wake."

Hivyo ndivyo nilivyokuoa.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Tulihamia Mikumi, tukafungua duka letu kando ya barabara kuu, malori yakipita na vumbi lao. Huko mbwa tulimfunga muda wote, maana hifadhi iko pale pale na mbwa haruhusiwi kuikanyaga. Ulikuwa ukisema kitu kimoja tu unachokitamani Kilosa, kutembea kivulini na mbwa mbele. Nami nilikuwa nasema, "Mwezi ujao tutakwenda." Mwezi ujao huo, mama, nimeutumia miaka mingapi?

Na hadithi ikanenepa. Kwenye ubatizo wa Rehema nguruwe alikuwa jike wa kawaida. Kwenye kipaimara akawa dume lenye meno. Kwenye harusi yake, bia mbili zikiwa kichwani, nadhani alikaribia kuwa nyati. Wewe ulipita na birika la chai, hukubisha hata siku moja. Ila ulikuwa na kale kamchezo kako. Nikifika patamu, ulisimama nyuma ya kiti changu ukauliza kwa sauti ya mke mtiifu, "Na mti, Baba Rehema? Waambie na habari za mti."

Wageni wakafikiri ni pambo la hadithi. Mimi jasho likanitoka, nikajibu, "Miti ilikuwa mingi." Ukaenda zako jikoni, na nikasikia vikombe vinacheka.

Sikukuuliza kwa nini ulinisemea vile kwa baba yako. Hata wodini, siku zile za mwisho ulipokuwa ukinishika kidole badala ya mkono kwa kukosa nguvu, nilikuwa nalo swali mdomoni. Nikauliza kama uji una sukari ya kutosha. Ukasema inatosha.

Basi jana, baada ya msalaba, watu wamekula pilau, wajukuu wamejaa barazani kwa baba yako. Mzee sasa haoni vizuri, lakini saa bado anaivaa. Akagonga bakora chini. "Baba Rehema, watoto hawa wasimulie ile ya nguruwe. Bibi yao tumemwekea msalaba, wajue alivyookolewa."

Nikasimama. Nilikuwa na maneno yangu yote ya kawaida, yamepangwa kama nguo kwenye hanga. Nikamtazama Rehema, ambaye amechukua macho yako, nikasema, "Mimi nilikuwa juu ya mti."

Nikaeleza yote. Fimbo, sketi, viatu, "panda na wewe". Hakuna aliyecheka. Rehema akasema taratibu, "Baba, ni mama aliyepiga?" Nikasema ni mama. "Na mimi nimemwandika mwoga." Akafunika uso kwa kanga, na hapo ndipo nilipoelewa uzito wa nilichobeba, maana si wangu tu.

Halafu baba yako akasema, "Suruali."

"Naam, baba?"

"Suruali yako siku ile ilichanika makalioni. Mtu aliyesimama chini na fimbo anachanikaje huko?"

Barazani pote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nikilia. Nikamuuliza, "Kumbe ulijua. Mbona ulinipa binti yako?"

Mzee akafuta midomo kwa kiganja. "Sikukupa wewe kitu. Agnesi hakuwahi kunidanganya tangu azaliwe. Siku ile akanitazama machoni, akanidanganya kwa ajili yako. Nikaona huyu ameshahama. Ningebaki na mabegi yake tu."

Akaitazama saa yake asiyoiona, akauliza kama chai imekwisha.

Leo asubuhi Rehema aliniomba nimwonyeshe mahali. Tulimchukua mbwa wa jirani, kambwa koko fulani kasikojua ratiba, tukaipita njia yetu. Mikuyu mingine imekatwa, kuna mahali jua linaingia hadi chini. Lakini mkuyu wetu upo, na chini yake bado unasikia ule ubaridi shingoni. Lile tawi nililokimbilia, ambalo kichwani mwangu lilikuwa karibu na mawingu, Rehema alinyoosha mkono akaligusa.

"Hapa tu, baba?"

"Hapo tu."

Akaegemeza mgongo kwenye shina, pale pale ulipoegemea, akatazama kichakani muda mrefu. Amesema atauandika upya ule wasifu, usomwe kanisani Jumapili, na jina lako liwe mbele ya jina la mnyama. Mimi nilisimama kando yake, miguu yote miwili chini. Nimechelewa, najua. Yule mbwa mdogo alichoka kutungoja, akageuka kurudi nyumbani peke yake, na kwa mara ya kwanza sikumkimbilia.

Pumzika, Agnesi. Nikifika huko, usinitafute juu.

Mumeo,
Baba Rehema