Maji ya Injini

Baba,

Shikamoo. Marahaba siisubiri, na leo hata ungekuwa hai nisingeisubiri. Ningekusalimia nimegeukia pembeni, upate kujua kwamba nimekasirika. Nakuandikia kwa sababu Mama yuko ndani na eda yake na sitaki kumpandisha presha, na kwa sababu mtu ninayetaka kugombana naye hasa ni wewe.

Rangi ya injini ya Bi Zuhura ilibanduka.

Unaijua ninayoisema. Ile ya pikapu yake ya nazi, tuliyoishusha siku chache kabla hujafariki. Alikuja nayo kutoka Kirongwe, akaiegesha mbele ya gereji, akafungua boneti watu wote wanaobarizi benchini wakitazama. Akachomeka ukucha chini ya rangi, na rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake kutu mbichi, nyekundu. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Hii ndiyo kazi ya mwisho ya Fundi Makame?"

Basi benchi likaanza. Mungu amrehemu, alikuwa ameshachoka. Uzee huo, mkono ulikuwa unatetemeka. Baba, ni watu wale wale waliokula pilau ya arobaini yako wakaomba dua na kujipangusa nyuso! Na Ba'mdogo Shaweji, ndugu yako wa tumbo moja, amesimama pale ameshika spana, ameinamisha kichwa kama mfiwa. Aliwaacha wakuseme.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana hukuwepo. Tuseme ulikuwepo, lakini ndani ya sanda.

Asubuhi ile uliyoanguka, injini ilikuwa juu ya stendi na kazi kubwa imekwisha. Nilikuwa nimekwangua grisi ya miaka kwa kisu, nikaiosha kwa dizeli na brashi hadi kwenye vikona ambavyo mtu mwingine angesema nani ataviona. Nikaipiga sabuni, nikaipiga brashi ya waya, nikaipitisha msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Matundu yote nilikuwa nimeyaziba kwa vitambaa na tepu. Ukaja, ukaipapasa kwa vidole kama kawaida yako, chini ya kichwa cha silinda, nyuma ya pampu ya maji, pale unapopenda kunikamata. Hukunikamata. Ukasema, "Imebaki maji ya mwisho, basi." Ukaenda nyumbani kunywa chai, na hukurudi.

Maji ya mwisho. Wewe na mapipa yako yenye vifuniko vyeupe nyuma ya nyumba! Maji ya mvua, hakuna ruhusa kugusa. "Haya si ya kunywa, si ya kupikia, ni ya injini." Bomba la mtaa wetu hapa Miburani linatoka linapojisikia, na kisima chetu kila mtu anakijua, ukikoga unatoka na ngozi inavuta. Kila Ramadhani Mama alikuomba ndoo moja tu apate kupika chai isiyo na chumvi, na kila Ramadhani ulimjibu neno moja: "Binadamu anavumilia chumvi, chuma hakivumilii." Mkeo wa ndoa, ndoo moja! Nilikuwa nacheka zamani. Sasa sicheki tena, sasa nikilikumbuka neno hilo natamani ningekujibu.

Siku ile ya kukuosha bomba lilikuwa kavu. Wanaume walikuwa uani, sisi wanawake ndani, na mimi binti yako sikuwa na haki ya kukugusa. Nikasikia mtu anauliza maji ya kumwoshea yako wapi. Halafu nikasikia vifuniko. Sauti yake naijua hata nikiwa usingizini, maana nimevifunga na kuvifungua mimi. Nikamtazama Mama, Mama akanitazama, na katikati ya kilio tukacheka, Mungu atusamehe, tukaziba midomo kwa khanga. Walikumwagia yote, hadi pipa la mwisho. Ukaenda kaburini huna chembe ya chumvi mwilini.

Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanzia hapa.

Matanga bado hayajaanuliwa, niko mkekani na wageni, nikasikia kompresa yetu inanguruma. Watu wanakusomea Kurani na kompresa inanguruma! Nikadhani ni gereji ya jirani. Kumbe Ba'mdogo amesema mteja hawezi kusubiri, na kwamba injini imeshasafishwa, kilichobaki ni kuipuliza rangi tu. Akaisuuza kwa maji ya kisima. Kisima chetu, Baba, kile kile. Hakuikausha, hakuipangusa kwa tina ya kuzimulia rangi, aliishika kwa mikono iliyotoka kula wali wa matanga. Rangi yako ya kuhimili joto, ile tuliyoagiza Dar ikaja na boti, hakuitafuta hata ilipo. Akachukua rangi ya fedha ya mageti, akaimwaga koti moja zito mpaka inachuruzika. Amepaka mpira wa maji. Amepaka kijiti cha kupimia oili! Halafu akampigia Bi Zuhura simu akamwambia aje achukue kazi ya mwisho ya mkono wa kaka yake. Watu wakaipiga picha, ikazunguka kwenye simu kisiwa kizima na maneno ya tanzia chini yake.

Nilipotoka mkekani injini ilishaondoka. Nilipomuuliza alinijibu: "Wewe kaa na mama yako. Gereji ina wanaume."

Sasa nikuulize wewe. Neno hilo alilipata wapi?

Alilipata kwako. Tangu mtoto wa jicho alipokufunika macho, nani alikuwa anashika bunduki ya rangi mle ndani? Tulikuwa tunafunga mlango wa bati, eti vumbi lisiingie, wewe unakaa juu ya tairi, mimi napuliza. Ukinisikia naenda haraka unasema, "Nyembamba, nyembamba, kama unampaka mtoto mchanga mafuta." Ukisikia bunduki inakohoa unaniambia tina imepungua. Tukimaliza tunafungua mlango, watu wanakuja kuona, wanasema mkono wa Makame haujapata mpinzani Mafia nzima, na wewe unasema "Alhamdulillahi" na kunigeuzia uso huku unatabasamu. Ulifikiri ni utani wetu wa watu wawili. Nilikuwa nacheka na mimi, ndiyo. Nilikuwa nasubiri siku utakayosema. Kila gari lililotoka nilisema labda leo.

Siku moja nikakuuliza kabisa. Ukanishika kiganja, ukasema, "Mkono wangu na wako ni mmoja, Riziki." Nikaona ni neno kubwa sana, nikanyamaza, nikaenda nalo kulala. Baba, lilikuwa neno la kunyamazishia! Kama mkono ni mmoja, basi umezikwa. Umezikwa nao, mimi nimebaki msichana wa kushika tepu na kuosha vyombo vya rangi, na ndugu yako amebaki mrithi kwa kuwa ana kanzu. Umeniachia kesi ambayo nikiishinda mimi, unashindwa wewe. Nikinyamaza, jina lako linabanduka pamoja na ile rangi ya mageti. Nikisema, watu watajua ulikuwa unapokea sifa ya kazi usiyoifanya. Ungesema mwenyewe ukiwa hai, ungesema huku unacheka, na wao wangecheka, yangekwisha siku hiyo hiyo.

Nimesema.

Sikupanga. Bi Zuhura kainama juu ya boneti, benchi linakuhurumia, Ba'mdogo kimya, na mimi nikajisikia nimeshafika katikati yao. Nikasema hii si kazi ya Baba. Nikasema imesuuzwa kwa maji ya kisima na imepakwa rangi ya geti, mwenye shaka aonje kutu hiyo kwa ulimi. Wakaanza kuguna, wakaridhika, marehemu amesafishika. Ningeweza kuishia hapo. Nikaona hapana, nikasema na zile nyingine mnazozisifu, toka macho yake yaharibike, si mkono wake. Ni mkono wangu.

Ba'mdogo ndipo akapata sauti. "Unamchafua baba yako kaburini!" Yeye, wa kisima!

Bi Zuhura hakumtazama Ba'mdogo. Alinitazama mimi, akauliza, "Lile gari la marehemu mume wangu, lile la kijani, injini yake alipaka nani?" Nikamwambia mimi. Akasema injini ile bado inang'aa, oili ikivuja tone moja anaiona. Akafunga boneti, akanirushia funguo. "Basi shusha hii."

Nikaishusha. Nikaikwangua ile fedha yote mpaka kucha zikaniuma, nikaanza upya, dizeli, sabuni, waya, msasa. Ba'mdogo alikuwa anapita nyuma yangu anakohoa. Nikafika maji ya mwisho, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakuta mapipa matupu. Nikapiga teke moja likabingirika hadi kwenye migomba. Nilikaa pale chini nikakulilia kwa hasira, Baba, si kwa huzuni. Niliipaka injini oili isishike kutu, nikaifunika turubai, nikangoja. Bi Zuhura nazi zake zinaota kule Kirongwe na mimi nangoja wingu.

Mvua ilipokuja ilikuja ya nguvu, watoto wa jirani wakatoka nje kupiga kelele. Kila nyumba ndoo ziko chini ya bati. Mama akaita kutoka ndani, "Riziki, kinga!" Na mimi nimesimama uani nimelowa, mapipa nimeyainamisha midomo chini, natazama maji mazuri yanakwenda zake mtaroni. Ulinifundisha mwenyewe, mvua ya kwanza ni ya bati, inaosha chumvi iliyoganda kiangazi kizima. Ba'mdogo alikuwa mlangoni. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Sijawahi kukuchukia na kukutii kwa wakati mmoja kama nilivyofanya siku hiyo.

Ya pili nikaikinga. Nikaiosha ile oili kwa dizeli na sabuni, nikaisuuza injini pipa zima, kompresa iko tayari mkononi kwa sababu chuma kilicholowa hakingoji, nikaikausha mpaka ndani ya matundu ya bolti, nikaipangusa tina. Halafu nikaenda kufunga mlango wa bati, kama tulivyozoea, nikaushika, nikauacha wazi. Nikatundika mashuka mawili yaliyolowa kuzuia vumbi, moja kila upande, katikati nikaacha nafasi. Benchi lote likaja kusimama. Nikapiga praima, rangi ya chini, nikangoja. Nikapiga koti la kwanza, nyembamba, na nikajisikia nasema kwa sauti, kama unampaka mtoto mchanga mafuta. Mzee mmoja pale nje akasema, "Hiyo sauti ya Makame." Ilibidi nizime bunduki kwanza, nikajifuta uso kwa mkono wa shati, ndipo nikaendelea.

Imekaa vizuri. Tuliirudisha kwenye pikapu, tukaiwasha ikapata moto kidogo, tukaizima, tukaiwasha tena, rangi ikashika bila kutoa moshi wala harufu. Bi Zuhura alichomeka ukucha pale pale pa zamani, akasukuma, ukucha ukakatika. Akatukana, akacheka, akaondoka nayo Kirongwe. Ba'mdogo bado anakuja gereji. Anafunga breki, anabadilisha springi, kazi yake anaijua, sijamfukuza. Ila bunduki ya rangi hashiki, na mapipa hagusi.

Nayo mapipa nimeyagawa. Moja la Mama. Siku ile ile nilimpelekea birika la chai ya maji ya mvua. Akanywa, akanywa tena, kisha akasema, "Kumbe ndiyo utamu huu alikuwa anaunyima mdomo wangu." Akalia. Sijui alikuwa anakulilia au anakulaumu, nadhani hata yeye hajui. Kwa hilo sijakusamehe bado, nitakapokusamehe nitakuja nikuambie.

Nakuaga, Baba, nina gari mlangoni. Mungu akupe nuru na nafasi huko uliko, na mtu wa kugombana naye pia, maana bila hivyo hutakaa sawa. Ahadi yangu ni hii. Nitayasema maneno yako yote, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na nitasema ni yako. Lakini wakiuliza mkono ni wa nani, sitageuza uso nikatabasamu. Haukuwa mmoja. Mdomo ulikuwa wako, mkono ulikuwa wangu, na kama ungenisemea, ningewafungulia mwenyewe yale mapipa wakuoshe, roho yangu nyeupe.

Wako,
Riziki