Kikombe cha Kaka

Ndugu yangu, maji yamezidi unga. Nimejifungia chooni kwa mama.

Ule wimbo wa bendi yetu, wa panki, muziki wa makelele, miaka tisa naupigia ngoma, mwimbaji anabweka tu, neno halisikiki. Kwenye albamu mpya tumeupunguza mwendo, tukaweka kinanda. Nikamwekea mama asikilize.

Maneno yakasikika. Jamaa anaimba kwamba siku ya ile ajali iliyomuua kaka, usukani aliushika yeye, si marehemu.

Yeye. Na sisi miaka yote tunamlaumu kaka.

Mama hakulia. Kasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Halafu, "Mwite aje anywe chai."

Nimemwita. Kafurahi, eti hatimaye mama kaupenda muziki wetu.

Sasa mama anaosha kikombe cha kaka. Hakijaguswa tangu msiba.

Pikipiki ya jamaa hiyo, imezimwa getini.