Ufa wa Jiwe la Kihambani

Göteborg, Uswidi
Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka wa arobaini na sita tangu nitoke Mwika

Mdogo wangu Elia,

Marahaba. Shikamoo yako nimeisikia kwenye ujumbe wa sauti, pamoja na mbwa wa jirani yako. Goti la shemeji linaendeleaje? Na huko Chekereni, maji ya mpunga yamefika? Mimi ni mzima, ila tangu juzi sijatoka nje, na sababu ni ile picha uliyonitumia.

Jiwe letu limezungushiwa uzio! Jiwe la kihambani kwa baba, katikati ya migomba na mibuni ya ukoo, alilokuwa akianikia maharage mama, leo ni urithi wa asili unaolindwa, tena lina bango. Nimelisoma mara tatu: ufa ule ulitokana na volkano. Nawe unacheka kwenye simu: "Kaka, kumbe volkano ni wewe! Usije ukawalipukia Wazungu huko!"

Sikucheka, Elia. Nilikaa chini sakafuni, mzee mzima.

Nimesoma vitabu vingi vya miamba. Volkano ililileta jiwe lile, ndiyo. Ufa niliutia mimi, siku baba alipokwenda sokoni. Alikuwa ametukataza kuligusa, nami nilitaka mawe ya msingi wa nyumba yangu, niuache umejengwa kabla ya safari. Nililichoma kwa magogo ya mibuni tangu asubuhi, kisha nikalimwagia maji baridi ya mfereji. Likalia kama bunduki. Ukatokea wewe na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukauliza tu, "Sasa baba tutamwambia nini?"

Baba aliporudi, nilinyamaza. Nilikuwa na tiketi ya kuja kusoma huku, na angenizuia. Ukasema wewe, "Ni mimi, baba." Wewe kitindamimba, kwa mila yetu mrithi wa nyumba yake, ukapelekwa Chekereni kulima mpunga, na kihamba akakiandika kwa jina langu. Amekufa akiamini hivyo.

Sasa unasema maofisa wanamtaka mwenye kihamba asimulie habari za jiwe mbele ya watu. "Rudi, kaka, mwenyewe ni wewe." Umeyasema hayo bila chembe ya kejeli. Hilo limenishtua kuliko bango.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Huku huuzwa kama pambo la sebuleni; hawajui kwamba kwetu ndilo la kuombea msamaha. Naomba ulipokee. Kuna pia karatasi niliyotia sahihi mbele ya wakili: kihamba ni chako. Siku hiyo simama wewe, uwasomee barua hii yote, usiruke mstari, kisha wabadilishe bango.

Nisalimie shemeji, na dada yetu wa Njoro anayeniombea kila Jumapili. Yeye mwambie kabla hajayasikia kwa watu.

Msiniwekee kiti. Mke wangu amezikwa hapa, na nafasi iliyo ubavuni mwake ni yangu. Sitarudi.

Kaka yako,
Aminieli