Mwalimu Dena Aenda Kusoma

Kilifi
13 Mei 2025

Mpwa wangu Everlyne,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kichwa tu ndicho kinachowaka moto. Wewe je? Hao watoto wangu wa gredi ya sita niliokuachia hawajakupanda kichwani?

Huku tunafundishwa tarakilishi na kijana mmoja, Mwenda, anayekimbia na somo utadhani anafukuzwa na mbwa. Kila hatua anauliza, "Tumeelewana?" Nasi walimu wazima tunaitika, "Ndiyooo!" Nami naitika kuwashinda wote, sijaelewa hata chembe! Ijumaa ya wiki ijayo kila mmoja atafundisha kwa mashine mbele ya wenzake. Atakayeshindwa hapewi tableti za shule yake. Naogopa, mwanangu.

Yule mtoto Nyevu asikupotezee wakati. Ni mzembe. Nikirudi namteremsha gredi ya tano.

Mjombako,
Dena

Vitengeni
15 Mei 2025

Shikamoo mjomba,

Huku sote salama. Mkeo anasema usisahau dawa ya presha.

Mjomba, nimecheka, kisha nikamkumbuka Nyevu. Jana nilifundisha desimali, nikauliza kama wameelewa. Aliyeitika kwa sauti kubwa zaidi ni Nyevu. Nilipomwendea, daftari lilikuwa jeupe. Akaninong'oneza, "Mwalimu, nikisema sijui watanicheka." Mamake naye ameapa kwamba akirudishwa nyuma, anamtoa shule akamsaidie kuuza mahamri sokoni.

Usinikasirikie, lakini wewe na Nyevu mnaitika kwaya moja. Kuuliza si ujinga, mjomba. Inua mkono.

Mpwa wako mtiifu (leo kidogo tu),
Everlyne

Kilifi
24 Mei 2025

Everlyne wangu,

Marahaba. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikukasirikia. Mtoto niliyembeba mgongoni anifananishe na Nyevu!

Basi Jumatatu Mwenda akauliza lile swali lake. Nikainua mkono. Jasho likanitiririka hadi kiunoni. Nikasema, "Mimi sijaelewa." Mara Bi Zipporah wa Marafa akaruka, "Hata mimi!" Kisha huyu, kisha yule, mpaka ukumbi mzima. Maskini Mwenda alikaa chini, akacheka, akaanza upya tangu kuwasha mashine.

Na jana, mwanangu, nimefundisha! Nimegawanya mkate kwenye skrini vipande vipande, na vikatii. Bi Zipporah alipiga vigelegele. Tableti ninazo, na barua hii nimeichapa mwenyewe.

Lakini lile jasho halijanitoka moyoni. Mimi ni mtu mzima mwenye mshahara, na niliogopa hivyo. Nyevu huja na hofu hiyo kila asubuhi, na anayemwogopesha ni mimi. Mwambie hateremki. Nikifika, naanza naye.

Mjombako,
Dena

Vitengeni
11 Julai 2025

Mpenzi Everlyne,

U hali gani huko chuoni? Tangu umalize mazoezi yako ya ualimu hapa, watoto wanakuulizia kila siku, na mimi nakuonea wivu.

Nimepiga marufuku kuitika kwa pamoja darasani. Asiyeelewa hukaa nami mbele, na hakuna wa kumcheka, maana mara nyingine tableti hunishinda mimi na wao ndio hunifundisha. Nyevu alikaa mbele wiki nyingi. Nilikuwa nikimwambia, "Polepole, mama, hata mimi nilichelewa."

Jana mamake akaingia katikati ya somo, kanga imefungwa kiunoni. "Mwalimu, nasikia anakalishwa mbele na wasioelewa; nimekuja kumchukua tukauze mahamri. Wewe mwenyewe ulinambia hana akili." Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi mbele ya watoto, nikamwomba asubiri kidogo.

Nyevu hakungoja kuitwa. Alichukua tableti akamwonyesha mamake: unga kilo mbili na nusu, sukari robo, mahamri mangapi, faida ngapi. Alikosea mahali, akafuta, akarudia, akapata. Darasa zima lilipiga makofi bila kuambiwa. Mama yule alitazama skrini, akamtazama mwanawe, akaniomba kiti.

Alikaa hadi kengele ya chakula. Kisha akajifunga kanga upya, akamshika mwanawe shavu, akaondoka peke yake.

Mjombako mwenye furaha,
Dena